Maswali ya Wasomaji: Barabara za Mitaa Katika Viwanja Vipya

Katika toleo hili tumekusanya barua zinazohusu jambo moja, nalo ni vipimo na mpangilio wa barabara pale shamba au eneo la pembezoni mwa jiji linapogawanywa kuwa viwanja. Vipimo tutakavyovitaja ni vya jumla. Kila mji una kanuni zake, na palipo na tofauti, kanuni ya mji husika ndiyo inayofuatwa. Sababu za vipimo hivyo, hata hivyo, ni zilezile kila mahali, na kwa kuwa ndizo zinazosahaulika upesi, ndizo tulizozipa nafasi kubwa.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na ndugu zangu tumerithi shamba la hekta 4 ambalo sasa limezungukwa na makazi. Mpangaji wa mji aliyetuandalia mchoro ametenga karibu robo ya shamba kuwa barabara, na bado ameweka uwanja wa wazi. Wazee wa familia wanasema tunanyang'anywa ardhi ya baba yetu. Je, kiasi hicho ni cha haki?

JIBU: Ndugu msomaji, uchungu wa wazee wenu unaeleweka, kwa sababu kwenye karatasi barabara huonekana kama ardhi iliyopotea. Lakini robo si kiasi kikubwa. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi, linapendekeza kwamba angalau asilimia 30 ya eneo la mji iwe barabara, na kwamba kila kilomita ya mraba iwe na angalau kilomita 18 za barabara. Takwimu hizo mbili zinashikana. Ukichora mitaa inayokatana kwa pembe mraba, kilomita 18 katika kilomita ya mraba maana yake ni kukutana na barabara kila baada ya mita 111 hivi, na ili barabara hizo zifikishe asilimia 30 ni lazima ziwe na upana wa wastani wa karibu mita 17. Wastani huo unajumlisha barabara kuu za mji, na ndiyo sababu shamba moja lenye mitaa ya ndani tu linaweza kutosheka na pungufu ya hapo, kama lilivyofanya la kwenu.

Mahali pa kujadiliana na mpangaji wenu ni kwenye umbo la viwanja, wala si kwenye upana wa barabara. Chukueni kiwanja cha mita za mraba 500. Kinaweza kuwa na mita 20 upande wa barabara na mita 25 kwenda ndani, au kikawa na mita 12.5 upande wa barabara na mita 40 kwenda ndani. Barabara ikiwa na upana wa mita 10 na viwanja vikiwa pande zote mbili, kila kiwanja hubeba nusu ya upana ulio mbele yake. Kiwanja cha kwanza kitabeba mita za mraba 100 za barabara, na cha pili mita 62.5 tu. Bomba la maji, waya wa umeme, mtaro na lami navyo hufuata urefu huohuo wa mbele, kwa hiyo kila mita inayopunguzwa mbele ya kiwanja hupunguza gharama ya kila kitu. Lakini msipitilize, kwani kiwanja chembamba mno hunyima nyumba hewa na mwanga wa pembeni.

Kuna jambo jingine ambalo barua yako haikulitaja nami nalihofia zaidi. Familia nyingi hugawana urithi kwanza, kila mmoja akapewa kipande chake, kisha kila mmoja akaombwa aache njia. Hapo ndipo huzaliwa njia za mita 3 zinazopinda kufuata mipaka ya ndugu, na ndugu aliyepata kipande cha kati akabaki bila pa kutokea. Toeni barabara na uwanja wa wazi kutoka katika shamba zima kabla ya kugawana, ili hasara, kama wazee wanavyoiita, ibebwe na wote kwa uwiano. Majengo hubomolewa na kujengwa upya, bali mistari ya barabara hudumu. Mpango wa Ildefons Cerdà wa kuupanua mji wa Barcelona, ulioidhinishwa mwaka 1859, ulitenga mitaa ya mita 20 kati ya vitalu vya mita 113 kila upande, wakati ambapo gari la injini ya petroli lilikuwa bado halijabuniwa. Mitaa hiyo imepitisha farasi, tramu na magari, na sasa baadhi yake inarudishwa kwa waenda kwa miguu, lakini upana wake haujabadilika.

SWALI: Mhariri, habari za kazi? Nimenunua kiwanja katika mradi mpya. Kwenye ramani ya upimaji barabara yetu imeandikwa mita 12, lakini mkandarasi anaweka lami ya mita 5.5. Majirani wanataka tumshitaki kwa kutupunja. Tuna haki?

JIBU: Habari ni njema, tunashukuru. Kabla ya kufika mahakamani, tofautisheni mambo mawili. Mita 12 ni hifadhi ya barabara, yaani ardhi yote ya umma iliyopo kati ya ua wa upande mmoja na ua wa upande wa pili. Mita 5.5 ni njia ya magari, ambayo ni sehemu tu ya hifadhi hiyo. Mkandarasi anayeweka lami ya mita 5.5 katika hifadhi ya mita 12 anafanya jambo la busara, mradi mita 6.5 zilizobaki zipewe kazi yake.

Mwongozo wa mitaa ya makazi uliotolewa nchini Uingereza mwaka 2007 unaonyesha kwamba mita 4.1 zinatosha magari madogo mawili kupishana, mita 4.8 zinatosha gari dogo na lori, na mita 5.5 zinatosha malori mawili. Katika mtaa wa nyumba za kuishi, malori mawili hukutana mara chache. Lami ya mita 8 au 9 isingewaongezea faida yoyote isipokuwa mwendo wa magari, kwa maana dereva huendesha kwa kadiri barabara inavyomruhusu, hata kama kibao kinasema vingine. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kila mwendo wa wastani unapoongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali zenye vifo huongezeka kwa takriban asilimia 4. Mtaa uliojengwa kwa upana uliopitiliza huishia kuwekewa matuta, na matuta hayo humsumbua mgonjwa aliye ndani ya gari la wagonjwa kama yanavyomsumbua dereva mkorofi. Msimamo wangu ni kwamba mji uwe karimu kwa hifadhi na bahili kwa lami.

Kitu cha kukagua ni kile kinachofanyika nje ya lami. Njia ya miguu ya mita 2 kila upande itachukua mita 4, na kubakiza mita 2.5 kwa ajili ya mitaro, nguzo na miti. Ikiwa mkandarasi hana njia ya miguu katika mchoro wake, au ikiwa majirani wameanza kusogeza kuta hadi ukingoni mwa lami wakidhani kwamba eneo lililo wazi halina mwenyewe, hapo mna malalamiko halali na yafaa myapeleke mapema. Kuta zikishasimama, hakuna afisa anayefurahia kuzibomoa.

Kuhusu zimamoto, ambao najua watatajwa katika mkutano wenu, mwongozo huohuo wa Uingereza unataka mita 3.7 mahali ambapo gari lao litasimama na kufanya kazi. Gari dogo likiegeshwa upande mmoja wa lami yenu litabakiza takriban mita 3.5, pungufu kidogo ya kipimo hicho, na magari yakiegeshwa pande zote mbili, hapapitiki. Kwa hiyo maegesho yawe ndani ya viwanja au katika nafasi maalumu zilizochorwa ndani ya hifadhi. Nchini Marekani, ambako magari ya zimamoto ni makubwa zaidi, kanuni ya moto inayotumika kwa wingi huko inataka mita 6.1 zisizozibwa. Tofauti hiyo kwa sehemu inatokana na ukubwa wa magari, na inaonyesha kwamba anayepanga viwanja hana budi kukiuliza kikosi cha zimamoto cha mji wake kipimo cha gari lao kubwa kuliko yote.

SWALI: Sisi ni kampuni ndogo ya kuendeleza makazi. Wateja wetu wanapenda mitaa inayoishia ndani, yenye lango moja na mlinzi, isiyopitiwa na wageni. Mamlaka ya mipango miji imetukatalia na kutaka mitaa mitatu iunganishwe na maeneo ya jirani. Kwa nini tulazimishwe kufungua kile ambacho mnunuzi anataka kifungwe?

JIBU: Mnunuzi anayetaka mtaa mtulivu ana haki kabisa. Mzazi gani asiyependa watoto wake wacheze mahali ambapo magari hayapiti kwa kasi? Tatizo ni kwamba utulivu wa mtaa mmoja uliofungwa hulipiwa na barabara iliyo nje yake. Mitaa ishirini ikifungwa, safari zote, hata ya kwenda kwa rafiki anayeishi nyuma ya ukuta wa bustani yako, zitapitia barabara moja kuu, na barabara hiyo itapanuliwa mara ya kwanza, kisha ya pili, bila kupata nafuu.

Mtindo huu una historia inayofaa kukumbukwa. Mwaka 1929, katika kitongoji cha Radburn, jimbo la New Jersey nchini Marekani, Clarence Stein na Henry Wright walipanga nyumba kuzunguka njia fupi zinazoishia ndani. Waliona magari yanaongezeka na wakataka kumtenganisha mtoto na gari. Lakini nyuma ya nyumba walichora njia za miguu zilizounganisha kila kitu, pamoja na bustani ndefu za katikati na njia ya chini kwa chini iliyomwezesha mtu kuvuka bila kukutana na gari. Ndani ya Radburn gari ndilo lililofungiwa. Mtu alikwenda kila upande. Waigaji wengi waliofuata walichukua njia zinazoishia ndani na kuziacha njia za miguu, na hivyo wakamfungia mtu pamoja na gari lake.

Mtaa wenye mlango mmoja una kasoro nyingine ambazo wateja wenu hawazioni siku ya kununua. Mti ukianguka langoni, au bomba likipasuka hapo, hakuna anayetoka wala anayeingia, likiwemo gari la wagonjwa. Maji katika bomba linaloishia njiani hukaa bila kuzunguka na ubora wake hushuka, hadi bomba lifunguliwe na kusafishwa. Gari la taka hulazimika kurudi kinyumenyume, jambo ambalo ni la hatari kuliko yote kwa watoto wadogo ambao dereva hawaoni.

Ushauri wangu ni kwamba mkubali miunganisho mitatu, kisha mpate utulivu kwa njia nyingine. Chora mitaa ya ndani mifupi, isiyonyooka kwa zaidi ya mita 60 hadi 80 bila kona au makutano ya kumpunguza dereva mwendo, ili anayetaka kukatiza aone kwamba hapati faida ya muda. Mji wa Delft nchini Uholanzi ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kujenga mitaa ya makazi ambamo watu, baiskeli na magari hushiriki eneo moja na gari huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Sheria ya nchi hiyo iliutambua mtindo huo mwaka 1976. Mitaa hiyo inapitika na ni mitulivu kuliko mingi iliyofungwa kwa lango.

Iwapo umbo la ardhi linalazimisha mtaa mmoja au miwili kuishia ndani, ifanyeni kuwa mifupi na muweke mahali pa kugeuzia. Kanuni za Uingereza hazitaki gari la zimamoto lirudi kinyumenyume zaidi ya mita 20. Za Marekani zinataka mahali pa kugeuzia pale ambapo njia isiyotokea inazidi mita 46 hivi. Na hata mtaa huo uachiwe njia ya miguu ya kutokea upande wa pili, pana, yenye taa, inayoonekana kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Upande wa ardhi ambayo bado haijaendelezwa, fikisheni barabara hadi mpakani kabisa, na muweke kibao kinachosema kwamba itaendelezwa. Bila kibao hicho, mwenye kiwanja cha mwisho atapanda maua pale, na miaka kumi baadaye atawaandikia barua kuwalaumu.

SWALI: Shikamoo mzee wangu. Mimi ni mpimaji ardhi kijana. Katika mchoro niliopewa, pembe za viwanja vya kona zimekatwa, na mwenye ardhi ananilaumu kwamba nampunguzia kiwanja. Pia naambiwa kona za barabara ziwe na mviringo mdogo, ilhali chuoni nilidhani mkubwa ndio salama. Naomba unifafanulie.

JIBU: Marahaba, kijana wangu, na hongera kwa kuuliza kabla ya kusimika mawe. Pembe ya kiwanja hukatwa ili ukuta usimzibe dereva anayefika kwenye makutano. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa huhitaji takriban mita 20 kusimama, tangu dereva alipoona hatari hadi magurudumu yalipotulia. Kwa kilomita 50 kwa saa, umbali huo ni zaidi ya mara mbili, takriban mita 43. Ukuta mrefu uliojengwa hadi ncha ya kona humfanya dereva amwone mtoto akiwa mita 8 au 10 tu mbele yake. Kukata mita 3 hadi 5 kila upande hufungua macho ya wote wawili, na pia huacha nafasi ya njia ya miguu kugeuka bila kubanwa na nguzo. Mwambie mwenye ardhi kwamba kukata mita 3 na mita 3 kunamgharimu mita za mraba 4.5 tu.

Kuhusu mviringo wa ukingo wa lami, mviringo mkubwa humruhusu dereva kugeuka bila kupunguza mwendo na humrefushia anayevuka kwa miguu safari yake. Kwenye mtaa wa makazi, mviringo wenye nusu kipenyo cha mita 3 au 4 unatosha gari dogo, na lori la taka linaloingia mara moja kwa wiki linaweza kutumia upande wa pili wa lami linapogeuka. Mahali pa mabasi ni lazima uongeze, lakini ongeza kwa kujaribu njia ya magurudumu ya basi husika juu ya mchoro, usinakili kipimo kutoka barabara kuu. Makutano yakaribie nyuzi 90 na yasiwe chini ya 70.

Ombi langu moja kwako ni kuhusu utaratibu wa kazi uwandani. Simika kwanza mawe ya mipaka ya hifadhi za barabara na yahakikiwe, ndipo uingie kwenye viwanja. Anayeanza na viwanja hujikuta makosa madogo ya vipimo yamejikusanya, na mahali pekee pa kuyamalizia ni barabarani. Hivyo barabara ya mita 12 huishia kuwa ya mita 11 na sentimita kadhaa, na hakuna mtu atakayejua hadi siku mtaro utakapokosa pa kupita.

SWALI: Ndugu Mhariri, mtaa wetu ulipimwa na kujengwa kwa kufuata kanuni, una lami na mitaro. Hata hivyo kila mvua ikinyesha, nyumba za upande wa chini zinaingiliwa na maji. Mimi ni mmoja wa wenye nyumba hizo. Kosa lilikuwa wapi?

JIBU: Dada yangu, pole sana. Barua kama yako tunazipokea nyingi kuliko za aina nyingine yoyote, na zinaniumiza kwa sababu mara nyingi kosa lilifanyika kwenye mchoro, kabla mtu yeyote hajanunua.

Mvua ya milimita 50 katika saa moja, ikinyesha juu ya hekta 1, ni mita za ujazo 500 za maji. Ardhi ikiwa na majani na miti, sehemu kubwa ya maji hayo huzama au hukawia. Ikishafunikwa kwa mabati, saruji na lami, sehemu kubwa hutiririka, na kama yote yangetiririka yangekuwa karibu lita 139 kila sekunde kutoka katika hekta hiyo moja. Kama mtaa wenu una hekta kumi juu yako, zidisha mwenyewe. Mitaro mingi hupimwa kwa maji ya mtaa wake tu, huku maji ya juu yakisahauliwa.

Sehemu ya kwanza ya kuchunguza ni mwelekeo wa barabara. Katika ardhi yenye mteremko, barabara ambazo nyumba zinazitazama zinafaa zifuate usawa wa kilima zikiwa na mteremko mdogo, walau nusu mita kwa kila mita 100 ili maji yasituame, na barabara za kushuka ziwe chache na fupi. Mpimaji anayechora mistari iliyonyooka kutoka juu hadi chini bila kujali kilima anatengeneza mito, na mto huo utaingia kwenye nyumba iliyo pale barabara inapokata kona, kwa kuwa maji hayakati kona.

Sehemu ya pili ni kimo cha barabara. Barabara ya mtaa inapaswa kuwa chini kuliko viwanja vyote viwili inavyovitenganisha, ili mvua inapozidi uwezo wa mtaro, barabara yenyewe ipokee maji kwa saa moja au mbili. Usiku ule mmoja katika miaka kumi, barabara ndiyo mtaro wa akiba. Uso wake uwe na mgongo au uinamie upande mmoja, kiasi cha asilimia 2 hadi 2.5 kwa lami, na zaidi kwa changarawe. Lakini nimeona mitaa mingi ambako kila matengenezo huongeza tabaka jipya juu ya la zamani bila kukwangua, hadi barabara ikawa juu ya vizingiti vya milango. Ikiwa wazee wa mtaa wenu wanakumbuka kwamba zamani walikuwa wanashuka kwenda barabarani na sasa wanapanda, umepata chanzo cha maji yako.

Sehemu ya tatu ni vivuko vya mitaro mbele ya mageti. Kila mwenye nyumba hujinunulia bomba la kipenyo anachokimudu, na mtaro mzima huwa na uwezo wa bomba dogo kuliko yote. Hilo lilipaswa kuamuliwa katika mradi kwa kipimo kimoja kwa wote. Na mwisho, tafuta ramani ya zamani ya eneo lenu au waulize waliolima pale. Kama kiwanja chako kiko kwenye mkondo wa asili wa maji uliokuwa mkavu kiangazi ulipopimwa, basi kosa si la mtaro, na suluhisho lake ni la mamlaka iliyoidhinisha ramani. Iandikieni kwa pamoja, nyumba zote zilizoathirika, mkiambatisha picha za siku ya mvua.

SWALI: Ninatumia kiti cha magurudumu. Katika eneo jipya ninaloishi njia za miguu zipo, lakini siwezi kuzitumia, kwa hiyo napita katikati ya magari. Je, kuna kipimo ambacho wajenzi wanapaswa kukifuata?

JIBU: Kipo, na hakina gharama kubwa kikizingatiwa mwanzoni. Viti viwili vya magurudumu vinahitaji takriban mita 1.8 kupishana, na upana wa mita 2 usio na kizuizi ndio unaofaa kulengwa. Neno zito hapo ni kizuizi. Njia ya mita 2 yenye nguzo ya umeme katikati ni njia ya chini ya mita 1, na kwako ni sawa na isiyokuwepo. Nguzo, vibao na miti viwe katika ukanda wao kati ya njia ya miguu na lami. Miti hiyo ipewe ukanda wa angalau mita 1.5, mbali na makutano na kwenye upande usio na mabomba. Kivuli chake ni sehemu ya njia kama ilivyo saruji.

Kwenye kila kivuko ukingo ushushwe hadi usawa wa lami, kwa mwinuko usiozidi 1 kwa 12, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 12 za mwendo, pande zote mbili. Ninasisitiza pande zote mbili kwa kuwa nimeona vivuko vingi vilivyoshushwa upande mmoja, vinavyomwingiza mtu barabarani na kumwacha huko. Njia ikipita mbele ya geti la gari, iendelee kwa usawa wake na gari ndilo lipande. Desturi ya kuikata njia na kuishusha kwa kila geti humfanya mtembeaji apande na kushuka mara ishirini katika mtaa mmoja. Mwinamo wa kuelekea lami usizidi asilimia 2, vinginevyo kiti huvutwa upande mmoja muda wote. Usisubiri hadi siku ya makabidhiano ipite: omba, kwa maandishi, kwamba mkaguzi apite njia yote akiwa na mtumiaji wa kiti cha magurudumu kabla mradi haujapokelewa.

SWALI: Eneo letu liligawanywa miaka mingi iliyopita bila mpimaji. Tuna njia za mita 2 na nusu hadi 3, na nyumba zimejaa. Kanuni hizi mpya zinatusaidia nini sisi? Tubomolewe?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, na nisingemuunga mkono anayependekeza hivyo kwa mtaa mzima. Zipo njia mbili zilizothibitishwa.

Ya kwanza ni ya polepole. Sheria ya ujenzi ya Japani ya mwaka 1950 inataka kiwanja kiguse barabara yenye upana wa mita 4 au zaidi, kwa urefu usiopungua mita 2. Mitaa mingi ya zamani haikufikia kipimo hicho. Badala ya kubomoa, sheria iliruhusu njia nyembamba zihesabiwe kuwa barabara, kwa sharti kwamba kila mmoja anapojenga upya arudi nyuma hadi mita 2 kutoka mstari wa katikati ya njia. Mtaa hupanuka nyumba moja baada ya nyingine, na hakuna anayefukuzwa. Huchukua miongo, lakini kila hatua hubaki.

Ya pili ni ya pamoja na inafaa pale ambapo bado kuna nafasi kati ya nyumba. Wenye viwanja huunganisha ardhi yao kwenye ramani, barabara zinachorwa, kisha kila mmoja anarudishiwa kiwanja kidogo kuliko cha mwanzo lakini kilichonyooka na chenye barabara. Frankfurt nchini Ujerumani ilipata sheria ya namna hiyo mwaka 1902, chini ya meya wake Franz Adickes, na Japani imeitumia kupanga sehemu kubwa ya miji yake. Njia hii inahitaji daftari la wazi la nani ametoa mita ngapi na nani amerudishiwa ngapi, na huvunjika pale kiongozi mmoja anapopunguziwa makato kuliko wenzake.

Kwa mtaa wenu uliojaa, anzeni na ya kwanza. Iombeni mamlaka ya mipango ipime mstari wa katikati wa kila njia na kuuingiza katika ramani rasmi, kisha umbali wa kurudi nyuma uandikwe kwenye hati ya kila kiwanja na kwenye kila kibali cha ujenzi. Sharti hilo liguse kuta za uzio vilevile, si nyumba peke yake. Wakati mnasubiri, chagueni njia moja au mbili zinazoelekea barabara kuu, mzifanye za kwanza kufikia mita 4, mkianza na kona ambapo gari la wagonjwa linashindwa kugeuka.